Mwenye Ardhi Ni Nani? Issa Shivji na Lugha ya Milki

Historia ya fikra za siasa nchini mwetu aghalabu huandikwa kama historia ya viongozi. Mhadhara huu unakusudia kumtazama msomi, Profesa Issa Shivji, kwa kupitia suala moja tu miongoni mwa mengi aliyoyashughulikia: milki ya ardhi.

Shivji alizaliwa Kilosa mwaka 1946. Alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1970 hadi 2006, kisha akashika Kigoda cha Mwalimu Nyerere kati ya 2008 na 2013. Wengi humkumbuka kwa insha yake juu ya mapambano ya kitabaka, iliyotoka mwaka 1970 katika jarida la wanafunzi, Cheche, ambalo lilipigwa marufuku mwaka huohuo. Kwa maoni yangu, kazi yake nzito zaidi ni ile ya 1991 na 1992, alipoongoza Tume ya Rais iliyochunguza masuala ya ardhi.

Tume ilifanya mikutano ya hadhara, na wananchi wakatoa malalamiko yao kwa Kiswahili. Sheria iliyowatawala, hata hivyo, ilikuwa ya Kiingereza, na ya mwaka 1923. Kwa sheria hiyo Waingereza waliitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma, wakaiweka chini ya Gavana. Baada ya uhuru Gavana aliondoka. Mamlaka yake yakahamia kwa Rais. Kwa Mswahili, umma ni watu. Katika sheria hiyo umma ulikuwa na sahihi ya mtu mmoja.

Tume ilipendekeza ardhi igawanywe mafungu mawili, ya taifa na ya vijiji, na kwamba milki ya msingi ya ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, wala si halmashauri isiyozidi watu 25. Huenda mtu akaliona hili kuwa jambo la utaratibu tu. La hasha! Ni swali la kale la falsafa ya siasa: mwenye mamlaka anawajibika kwa nani?

Serikali haikukubali. Sheria Na. 4 na Na. 5 za mwaka 1999 zilimfanya Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote kwa niaba ya raia, na usimamizi kijijini ukapewa halmashauri. Mdhamini katika Kiswahili cha kila siku ni mtu anayebanwa: mshtakiwa akitoroka, yeye ndiye anayelipa. Mdhamini wa sheria hii anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, kwa manufaa ya umma.

Wilaya ya Kisarawe, iliyo na kata ya Msimbu, iliyaona matokeo yake. Mwaka 2009 kampuni moja ya Uingereza ilipewa hekta 8,211 kutoka vijiji 11 vya wilaya hiyo, kwa miaka 99, ili kupanda mibono ya kuzalisha mafuta. Wanavijiji waliahidiwa ajira na huduma za jamii, na nyingi za ahadi hizo zilikuwa za mdomo. Mwaka 2011 mradi ulisimama, wafanyakazi wakaachishwa kazi, na shamba likauzwa kwa mwekezaji mwingine. Ardhi haikurudi vijijini kwa sababu tu mradi umekufa, kwa kuwa kisheria haikuwa tena ya vijiji. Lau milki ya msingi ingekuwa ya mkutano mkuu, kama Tume ilivyotaka, wanavijiji wangeweza kukodisha bila kuipoteza.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Nawasihi wanafunzi wa tafsiri mlioko hapa mwanze na kifungu cha nne cha Sheria Na. 5. Msomeeni mkulima wa Msimbu tafsiri yenu, kisha mwulizeni ni nani awezaye kuichukua ardhi yake, na kwa idhini ya nani.