Keke na Kerezo: Maneno ya Karakana na Sehemu Zilizosahauliwa

Katika Barabara Kuu iendayo Zambia, kabla msafiri hajaufikia mji wa Mbeya, hupita Chimala, mahali ambapo milima inashuka kukutana na tambarare ya Usangu. Tambarare hiyo ni nchi ya mpunga. Penye mpunga mwingi pana mashine za kukoboa, trekta na pampu. Na penye mashine hizo hapakosi vipuri vilivyovunjika. Fundi wa mji wa namna hii, aliye mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 700, aghalabu hangoji kipuri kije: hukiunda mwenyewe. Na akiwa na kerezo moja tu, bila ya mashine ya kutobolea, basi huunda pia chombo cha kukifanya kerezo kitoboe.

Yafaa tueleze kazi yenyewe kwanza, maana istilahi isiyotokana na kazi haidumu. Kerezo huzungusha kitu kinachofanyiwa kazi, na kisu cha kukatia husimama. Fundi akitaka tundu katikati ya pulii, hufunga biti nyuma ya kerezo, pulii ikazunguka na biti ikasukumwa polepole ndani yake. Hapo hakuna tabu. Tabu huanza pale panapotakiwa matundu sita ya bolti kuizunguka pulii hiyo, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya hayo lililo katikati. Sasa pulii haina budi kusimama na biti ndiyo izunguke. Fundi hutwaa kipande kinene cha chuma, akakikaza mahali pa kisu, kisha akafunga biti katika kichwa kinachozunguka na kukitoboa kipande hicho kikiwa pale pale. Kwa njia hii tundu huangukia sawasawa na urefu wa mhimili wa mashine bila ya kupimwa kwa rula. Mashine imejipima yenyewe. Ndani ya tundu hilo, baada ya kulipanua, huingizwa mhimili mdogo wenye biti, unaoendeshwa kwa mota yake au kwa mashine ya mkono ya umeme. Ili matundu sita yaachane sawa, hutumiwa gia ya meno 60 iliyofungwa nyuma ya kichwa cha kerezo, na pini inayoingia katika kila jino la kumi. Kwa matundu manne, pini huruka meno kumi na tano.

Twaita nini chombo hiki, na sehemu zake? Mtafsiri aliyepewa kitabu cha maelezo ya mashine hukimbilia kuandika «kifaa cha ziada cha kutobolea», naye akishafika kwenye sehemu za ndani huishiwa na maneno. Lakini lugha yetu haikuwa maskini katika jambo hili.

Maseremala wa pwani walikuwa na keke, au kekee, tangu zamani. Kamusi za zamani, tangu zile za karne ya 19 hadi ile ya mwaka 1939 iliyotolewa chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, hazikuridhika kulitaja neno hilo peke yake. Zilitaja na viungo vyake: mti unaoshika chuma na kuzunguka nacho uliitwa msukano, mpini unaoshikwa kwa mkono, ambao msukano huzunguka ndani yake, uliitwa jivu, na kilichouzungusha kwa kamba yake ni uta. Neno msukano twaliona lina nasaba na kitenzi suka, kwa maana ya kutikisa huku na huku, kwani uta hupeleka msukano mbele na kuurudisha nyuma. Kerezo nalo, kutokana na kitenzi kereza, lilikuwa ndugu ya keke: makerezo ya kale katika nchi za Bahari ya Hindi yaliendeshwa pia kwa uta na kamba. Tofauti yao ni ile ile tuliyoitaja: katika keke chuma huzunguka na mbao imetulia, katika kerezo mbao huzunguka na chuma kimetulia. Kwa hiyo fundi wa Chimala anapofunga kifaa chake juu ya kerezo, hakika amepandikiza keke juu ya kerezo.

Maneno haya yalipoteaje karakanani? Mashine za vyuma hazikuja Nyanda za Juu Kusini kwa njia ya maseremala wa pwani. Zilikuja na magari, na mashamba makubwa, na shule ya ufundi ya Ifunda katika Iringa, ambako vijana walifundishwa kwa Kiingereza tangu miaka ya 1950. Zilikuja tena na reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 hadi 1975 na kupita Chimala. Mwanafunzi alijifunza jina pamoja na chombo, na jina lilikuwa la kigeni. Hata biti ya kisasa yenye mifereji ya kujipinda ni ya kigeni kwa asili: Mmarekani Stephen Morse aliipatia hataza mwaka 1863, na jina lake hata leo ndilo kipimo cha mikia ya biti inayochomekwa nyuma ya makerezo duniani kote. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, karakana zilikuwa zimekwisha kujizoeza.

Hatusemi kwamba kila neno la kukopa lifukuzwe. Biti limekwisha kuwa letu; kulipiga vita ni kupoteza wakati. Dosari iko kwingine. Neno keke, kwa vile limebaki bila ya viungo vyake, sasa hubebeshwa mashine nzima na chuma kitoboacho kwa pamoja. Mwalimu wa ufundi akiandika «kaza keke kabla ya kuwasha», mwanafunzi akaze nini? Akikaza mashine mezani na kuiacha biti ikilegea, biti itachomoka nayo imo mbioni. Na karakanani kosa la namna hiyo hulipwa kwa vidole au kwa jicho.

Kwa hiyo twapendekeza keke libaki kuwa jina la chombo kizima, kiwe cha mkono au cha kufungwa juu ya kerezo. Biti iwe chuma kitoboacho. Msukano uwe mhimili uzungukao na kushika biti. Na jivu liwe kile kipande kilichotobolewa, ambacho msukano huzunguka ndani yake. Najua lipo pingamizi moja lenye uzito, nasi hatulidharau: wengi wakisikia jivu hukumbuka mabaki ya moto. Lakini wasemaji wa Kiswahili hawachanganyi paa la nyumba na paa wa porini, wala hatudhani fundi atatafuta majivu ndani ya mashine. Kwa ile sehemu ya nyuma ya kerezo, isiyozunguka wala kuzungukiwa ndani na kitu, jivu halifai, ingawa baadhi ya watafsiri wangependa kulinyoosha neno hadi huko. Hiyo ingojee jina lake kutoka kwa wanaoishika kila siku, na mtu wa istilahi akaketi karakanani asubuhi mbili tatu na kusikiliza kinachosemwa kabla ya kuandika chochote.