Taa ya Nyuma ya Gari na Picha ya Siku ya Uhuru

Kila sherehe ya tarehe 9 Desemba hapa Uingereza huwa tunaweka meza ya picha za zamani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikileta picha ya babu na bibi iliyopigwa Dar es Salaam. Babu amevaa suti, bibi amempakata mtoto mchanga, na nyuma yao limeegeshwa gari linaloonekana upande wa nyuma tu. Mgongoni mwa picha pameandikwa kwa penseli "Siku ya Uhuru", bila mwaka. Kwetu ilijulikana hivi: ni 1961, gari ni Ford Anglia, na mtoto ni mjomba wangu, aliyezaliwa Septemba mwaka huo na kufariki kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili.

Mwaka jana mwanangu wa miaka 12 aliuliza, "Mama, mmejuaje kuwa ni Anglia?" Sikuwa na jibu. Tukaanza kuchunguza.

Magari ya Kiingereza ya wakati ule yana alama zake. Anglia iliyotoka 1959 ina kioo cha nyuma kilicholalia ndani, juu kimetokeza kuliko chini. Morris Minor ilikuwa na kioo cha mbele cha vipande viwili mpaka 1956, ndipo kikawa kimoja. Land Rover za mwanzo, tangu 1948, taa zake kubwa zilikaa karibu karibu katikati. Zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Na gari lililovuka mipaka lilibandikwa herufi za kwao: EAT Tanganyika, EAK Kenya, EAU Uganda, EAZ Zanzibar.

Ila gari hukupa mwaka wa mwanzo tu, si wa mwisho. Morris ya 1950 ingeweza kuwa barabarani hata 1970, lakini haiwezi kupigwa picha kabla haijatengenezwa.

Kioo cha nyuma cha gari letu hakikulalia ndani, kwa hiyo si Anglia. Taa yake ya nyuma ni duara lililogawanywa vipande vitatu, kama chapati iliyokatwa. Hiyo ni Ford Cortina ya kwanza, ambayo toleo lake la GT lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1964. Ford waliitoa Cortina Septemba 1962. Basi picha haiwezi kuwa ya 1961.

Hapo nikamtazama mtoto kwa jicho la kazi yangu ya uuguzi. Bibi amemshika shingo kwa kiganja, kichwa hakijakaza. Mtoto huyo hajafikisha miezi minne. Mjomba angekuwa ameshapita mwaka mmoja. Mama yangu alizaliwa Oktoba 1962, na anayemfuata alizaliwa Juni 1965. Siku inayolingana na gari na mtoto ni moja tu: 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri na Mwalimu Nyerere akaapishwa kuwa Rais wa kwanza. Mtoto ni mama.

Nilimpigia simu nikidhani atafurahi, maana hakuwa na picha hata moja ya utoto wake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kaka yangu hana picha tena." Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka yote hiyo alikuwa akimtazama kaka yake, kumbe anajitazama mwenyewe.

Tulipokwenda likizo, mama alichukua kalamu akaandika mgongoni mwa picha mwaka, jina la babu, la bibi na la kwake. Chini yake akaandika jina la kaka yake na maneno haya: "Hayupo pichani. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu."

Vijana wetu mliozaliwa huku, gari mtalitambua hata miaka 100 ijayo, kwa taa na vioo vyake. Mtu hana alama hizo. Wapigieni simu babu na bibi walio hai, mkiwa na picha mkononi, mwandike majina yote, hata ya wale wasioonekana.

Heri ya Siku ya Uhuru.