Njia za Miambani: Anayefungua na Anayeandikwa



Ukitoka Korogwe kwenda Mombo, kuta za mawe za Usambara zinakusindikiza mkono wa kulia. Wengi wetu tumezipita kwenye basi tangu utotoni bila kufikiri kwamba kuna watu duniani wanaosafiri mbali kutafuta kuta kama hizo ili wazipande kwa mikono na miguu. Ukurasa wa historia mwaka huu unahusu mchezo huo wa kupanda miamba, na hasa namna njia mpya inavyofunguliwa na kupewa daraja la ugumu. Mchezo huu ulikulia Ulaya, lakini historia yake inagusa mambo yaliyotokea kwetu, na ina funzo kuhusu kuweka kumbukumbu.

NJIA INAFUNGULIWAJE

Njia ya mwambani ni mstari mmoja wa kupandia, kutoka chini ya ukuta hadi mahali pa kufungia kamba juu. Kwa kawaida mfunguaji huteremka kwa kamba kutoka juu, akigonga jiwe kusikia kama lina uwazi ndani, akiangusha mawe yaliyolegea na kutafuta pa kushika. Kisha hutoboa kwa drili na kuweka boliti, moja juu ya nyingine. Mpandaji hupitisha kamba yake kwenye kila boliti anayoifikia. Kamba hiyo kazi yake ni kumdaka akianguka, wala haimvuti kwenda juu.

Akishamaliza, mfunguaji huipanda njia yote bila kuanguka wala kujishikiza kwenye kamba. Hapo ndipo anapoipa jina na kupendekeza daraja. Nasema kupendekeza, kwa sababu daraja halikamiliki hadi wengine waipande na kutoa maoni yao. Wakiona ni rahisi kuliko ilivyoandikwa, daraja hushushwa hata kama mfunguaji ana sifa kubwa. Sisi wahasibu tunaujua utaratibu huu: anayeandaa hesabu si yeye anayezikagua.

MAWE YA MCHANGA YA SAXONY

Utaratibu huu una mizizi mirefu katika jimbo la Saxony, mashariki mwa Ujerumani, kando ya mto Elbe. Huko kuna mamia ya minara ya mawe ya mchanga. Jiwe la mchanga ni laini. Likilowa mvua hupoteza nguvu, na mahali pa kushika panaweza kumeguka mkononi. Kwa hiyo wapandaji wa huko walijiwekea masharti mapema. Katika miaka ya 1890 Oscar Schuster alianza kupanga njia kwa madaraja ya ugumu. Mwaka 1908 Rudolf Fehrmann, mwanasheria, alitoa kitabu cha njia za eneo hilo, na toleo la 1913 likaeleza masharti ambayo kiini chake kinafuatwa hadi leo: mtu apande kwa nguvu zake mwenyewe, pete za chuma ziwekwe chache na zitumike kwa usalama tu, na jiwe lisichongwe. Vipande vya chuma vya kukaza kwenye nyufa haviruhusiwi, kwa kuwa vinakwangua jiwe. Wapandaji hukaza mafundo ya kamba badala yake.

Madaraja ya Saxony huandikwa kwa namba za Kirumi. Nchi nyingine zina mizani zao, na kwa njia za boliti ule wa Kifaransa ndio umeenea zaidi. Mizani yote inajibu swali moja la mgeni anayefika chini ya ukuta: je, njia hii inanifaa, au itanidhuru?

LEIPZIG, KILIMANJARO NA MKUMBARA

Mji wa Leipzig pia uko Saxony, na kutoka huko alikuja Hans Meyer. Mwaka 1888 alisafiri Usambara pamoja na Oscar Baumann, akiwa na nia ya kufika Kilimanjaro. Vita vya Abushiri vikawakuta njiani, wakatekwa na kuachiliwa kwa fidia. Meyer alirudi mwaka uliofuata, na tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kilele cha Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, wakikata ngazi kwenye barafu kwa shoka. Kilele akakiita kwa jina la mfalme wake, Wilhelm. Jina hilo lilikuja kubadilishwa.

Hawakuwa peke yao mlimani. Kulikuwa na wapagazi, wapishi na viongozi wa njia. Muini Amani wa Pangani alibaki kwenye kambi ya juu, kwenye baridi, wakati wao wakipanda. Huyo alitoka pwani, unakoishia mto huu unaopita Korogwe. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alikuja kutambuliwa rasmi kuwa kiongozi wa safari ile katika sherehe za kutimiza miaka 100, mwaka 1989.

Kutoka Leipzig pia ilitoka kampuni ya Bleichert, iliyojenga njia ya kamba za chuma za kushusha magogo ya mwangati kutoka misitu ya Shume hadi Mkumbara, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Urefu wake ulikuwa karibu kilomita 9, ikipita juu ya ukuta uleule tunaouona barabarani. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, hivyo mbao zikapata njia hadi bandarini. Uliza leo nani alijenga, utajibiwa: Wajerumani. Lakini nguzo na nyaya zile hazikupanda mlima zenyewe. Mabega yaliyozibeba yalikuwa ya watu wa huku.

Hata ua dogo la zambarau linalopendwa kwenye madirisha ya Ulaya, ambalo asili yake ni miamba yenye kivuli ya Usambara na jirani zake, lilipewa jina la kisayansi Saintpaulia mwaka 1893. Jina hilo ni la Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga aliyelipeleka kwao. Wenyeji walikuwa wakilipita kila siku. Yeye alilipeleka kwa watu wanaoandika.

WENZETU KENYA

Mwaka 1929 Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walifungua njia ya kilele cha Nelion, Mlima Kenya. Njia hiyo bado inapandwa, kwa sababu iliandikwa vizuri na waliofuata wakaihakiki. Chama cha wapanda milima cha Kenya, kilichoundwa mwaka 1949, kimetunza maelezo ya njia za Lukenya na Hell's Gate, zote zikiwa mwendo wa gari kutoka Nairobi. Kijana wa leo anakuta jina la njia, urefu wake na daraja lake. Hahitaji kubahatisha.

NA SISI

Miamba ya Usambara si ya mchanga. Ni mawe ya kale yaliyopikwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, magumu kuliko ya Saxony. Siku vijana wetu au wageni watakapotaka kufungua njia huku, mambo matatu yatangulie. La kwanza ni ruhusa: ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na misitu ya hifadhi ina wasimamizi wake. La pili ni heshima: wazee waulizwe mwamba upi ni wa matambiko, na wanaojua mimea waulizwe upi una ua lile, maana kusafisha ukuta kwa brashi kunaweza kumaliza kizazi chake mahali hapo. La tatu ni daftari: nani alifungua, nani alimshikia kamba, nani alimwonyesha njia ya kufika, chuma gani kimewekwa na mwaka gani. Chuma hupata kutu, na asiyejua umri wa boliti anaining'inizia roho yake.

Lakini daftari halina haja ya kungoja boliti. Bado tuna wazee waliosikia kwa baba na babu zao habari za Mkumbara, za wapagazi wa msafara, na za njia za miguu kati ya Uzigua na Usambara. Napendekeza sehemu ya michango ya mwaka huu itumike kuwarekodi, kata kwa kata, Handeni na Korogwe: nauli ya vijana wawili wenye kinasa sauti, chakula cha wazee, na uchapaji. Kila shilingi itaandikwa, na kila simulizi itasomwa kwa mzee wa pili ili aikubali au airekebishe, kama ilivyo kwa daraja la njia mpya.

Fomu ya ahadi imo mwishoni mwa kijitabu hiki. Ukiijaza, ongeza mstari mmoja chini: jina la mzee wa kijijini kwenu ambaye tumwanze.