Baruti ya bei rahisi: karne mbili za gobore Ngara na Biharamulo

Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu. Mwindaji humimina baruti, akaishindilia kwa mdeki, akatia kitambaa, kisha goroli au vipande vya chuma, akashindilia tena, mwisho akaweka fataki. Kazi yote hutegemea ile baruti ya kwanza. Ikizidi, mtutu hupasuka mikononi mwake. Ikipungua, nguruwe mwitu huondoka na jeraha tu. Ikishika unyevu, fataki hulia peke yake na mnyama akatokomea porini.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, ambako mashamba ya mihogo na migomba hupakana na mapori, vizazi kadhaa vimeijua hesabu hiyo. Lakini swali lililo nyuma yake halijaandikwa vya kutosha: ni nani aliyeamua kwamba mtu wa huku apate baruti ya aina gani, na kwa bei gani? Jibu lake linapitia Muscat, Brussels na fukwe za Tanga kabla ya kufika Mto Kagera.

Pipa kutoka pwani

Tarehe 21 Septemba 1833, mjumbe wa Marekani Edmund Roberts na Sultani Seyyid Said walitia saini mkataba wa biashara mjini Muscat. Ndani yake kulikuwa na sharti moja la pekee. Katika kisiwa cha Unguja, bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali ya Sultani tu. Katika bandari zake nyingine, ziuzwe bila kizuizi. Yaelekea Sultani hakutaka baruti ikae ovyo kisiwani. Bara haikuwekewa kizuizi chochote, na huko ndiko baruti ilikoelekea.

Kutoka Bagamoyo ilibebwa mabegani hadi Tabora. Pale njia moja ilipanda kaskazini, ikapita Uzinza na Usui, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo Biharamulo na Ngara, ikaendelea Karagwe hadi Buganda. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Kila mtawala njiani alidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alicheleweshwa Usui na mtawala Suwarora mpaka hongo ilipokamilika, ndipo akaruhusiwa kwenda kwa Rumanyika wa Karagwe. Mfanyabiashara aliyepita hapo na baruti alilipa vivyo hivyo, na kila malipo yaliongezwa kwenye bei ya mnunuzi wa mwisho.

Thamani ya bidhaa hiyo ilijulikana Karagwe. Miaka michache kabla ya Speke kufika, Rumanyika alikuwa amegombea kiti na ndugu yake Rogero, na mfanyabiashara Musa Mzuri wa Tabora alimsaidia kwa watu na bunduki. Tangu hapo mtawala wa nchi hizi asiye na baruti alijua anachokikosa.

Baruti yenyewe ilikuwa nyeusi, mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Ile nzuri ina punje ngumu zinazolingana na shura iliyosafishwa. Ile rahisi ina vumbi jingi, na shura chafu hunyonya unyevu wa hewa. Kwa nchi yenye mvua kama ya Kagera, tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Pipa lililotoka pwani likiwa na nguvu kamili liliweza kufika Usui limedhoofika, na mwindaji aliyeongeza kipimo ili kufidia udhaifu huo alihatarisha mkono wake siku alipokutana na baruti iliyo kavu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Baruti ya aina hiyo ilivunja mitutu pia.

Brussels yaamua

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aligundua baruti isiyotoa moshi. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa lilikuwa na bunduki iliyotengenezwa kwa ajili yake. Baruti nyeusi, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa moshi na masizi, na mtutu hulazimika kusafishwa baada ya mapigo machache. Baruti mpya iliungua karibu yote, ikasukuma risasi kwa kasi zaidi na kwa nguvu inayofanana pigo hadi pigo. Shabaha ya mbali iliboreka hapo, kwa sababu risasi haiwezi kwenda mahali pamoja kama nguvu inayoisukuma inabadilika kila mara.

Mapinduzi hayo yalipoendelea, bunduki za zamani za Ulaya zilikosa kazi na zikatafutiwa soko. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa. Lengo hilo lilikuwa la haki, na silaha zilikuwa kweli zikiwalisha wawinda watumwa. Lakini vifungu vyake vya silaha viliweka tabaka. Bunduki za kisasa na risasi zake zilizuiwa kuingia katika eneo kubwa la Afrika, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na kwa watu wachache waliopewa kibali. Kilichoweza kuuzwa kwa wenyeji, chini ya uangalizi, ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida iliyoitwa baruti ya biashara.

Yaani baruti rahisi iliandikwa katika sheria kuwa baruti ya Mwafrika. Matokeo yake yalionekana upesi. Januari 1893, Wajerumani walipoivamia ngome ya Isike wa Unyanyembe karibu na Tabora, mtawala huyo aliiwasha ghala yake ya baruti kuliko kukamatwa mzima. Alikuwa na baruti nyingi, lakini waliomshinda walikuwa na bunduki bora.

Moshi wa askari

Wajerumani walijenga boma Biharamulo, na askari weusi wakawa mkono wa dola. Hata hao hawakupewa kilicho bora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, kombania nyingi za askari zilikuwa bado na bunduki ya mfano wa 1871, inayotumia baruti nyeusi. Kila pigo lilitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali askari alipolala. Uhai wa mtu uliwekwa rehani kwa sababu ya akiba ya zamani ambayo dola haikutaka kuitupa.

Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojificha kwa sura ya meli ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa imebeba silaha na risasi. Meli ya kivita ya Waingereza iliifuata na kuishambulia, ikazama maji madogo. Shehena ilipotolewa, risasi nyingi zilikuwa zimeingia maji ya chumvi. Mafundi walizifungua moja moja, wakatoa baruti na kuikausha, kisha wakazijaza upya na kuzijaribu kwa kuzipiga ili kujua zipi zinaaminika. Ilikuwa kazi kubwa ya kujaza risasi upya, na iliongeza umri wa vita ambavyo wapagazi wetu walivilipia kwa njaa na maradhi.

Kaskazini magharibi vita havikuchelewa. Juni 1915 Waingereza waliivamia Bukoba. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji ya Kanali Molitor, yaliyotoka Rwanda, yalivuka nchi hii na kuikalia Biharamulo, yakielekea Tabora. Wenyeji waliona bunduki za majeshi zikipita mbele ya nyumba zao, na wao wakabaki na magobore.

Kutoka pipa hadi kibali

Gobore liliendelea kuwa bunduki ya mkulima chini ya Waingereza waliotawala baada ya vita, na hata baada ya uhuru, kwa kuwa nguruwe mwitu na nyani hawakujua bendera imebadilika. Kilichogeuza mambo ni machafuko ya majirani. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi, wakikimbia Rwanda. Ngara iliwapokea katika kambi ya Benaco kwa moyo ambao haupaswi kusahaulika. Lakini pamoja na wanaokimbia, silaha za kivita nazo zilipenya mipakani, na kwa miaka mingi mabasi yalipita misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na polisi.

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitoa wiki mbili kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha. Operesheni Kimbunga ya vyombo vya usalama ikafuata Kagera, Kigoma na Geita. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi. Risasi sasa ni bidhaa ya kibali, na kuzitengeneza bila ruhusa ni kosa. Shirika la Mzinga la Morogoro hutengeneza risasi hapa nchini. Kwa usalama wa kila mtu, hii ndiyo njia iliyo sahihi: baruti ya risasi ya kisasa ikimiminwa kwenye gobore huzalisha nguvu ambayo mtutu wake haukuumbwa kuihimili.

Lakini kila gobore linaposalimishwa, liandikwe: lilitumika kijiji gani, lililinda nini. Chuma hicho ni ushahidi wa zama ambazo sheria ilimpa Mwafrika baruti dhaifu, kisha ikamwita asiye na shabaha. Na mkulima wa Nyakahura au Rulenge aliyelikabidhi anayo haki ya kuuliza ni nani atamfukuzia nguruwe usiku huu. Safari hii astahili jibu linalotoka karibu kuliko Brussels.