Mji Mkongwe wa Safranbolu

Safranbolu ni mji wa kihistoria katika mkoa wa Karabük, kaskazini mwa Uturuki, unaosifika kwa kilimo cha zafarani. Uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1994.

Mji huu hufahamika vizuri zaidi kwa miguu, tena pamoja na kiongozi mwenyeji. Matembezi huanzia Çarşı, mtaa wa sokoni ulioko bondeni, penye Cinci Hanı, nyumba ya wageni ya karne ya 17 iliyopokea misafara ya biashara, na msikiti wa Köprülü Mehmet Paşa wa mwaka 1661.

Lakini uzuri wenyewe uko kwenye nyumba za zama za Waosmani. Chini ni ukuta wa mawe. Juu ni fremu ya mbao iliyojazwa matofali mabichi na kupakwa lipu, ikichomoza juu ya kichochoro. Ndani ya vyumba, milango ya kabati huficha sehemu ya kuogea. Baadhi ya nyumba zina kabati la kuzunguka: wanawake waliweka chakula upande mmoja, wageni wa kiume wakakipokea upande wa pili bila kuonana.

Ziara nyingi huishia kwenye kilima cha Hıdırlık. Mawe ya njiani huteleza mvua inyeshapo, hivyo viatu visivyoteleza ni lazima.