Kicheko cha Kashasha, na sisi tunaokwenda BTP

Ule ukimya ulikuwa wa mitihani, sasa nimepumua. Juzi kwenye semina ya unasihi tulibishana kuhusu afya ya akili vyuoni, na kila mtu akaanzia corona ya 2020, utadhani kabla ya hapo wanafunzi wa nchi hii walikuwa chuma. Mimi nikasema turudi nyuma, 1962, Kashasha, kule Bukoba.

Basi ni hivi. Januari 30, 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kikaambukiza wenzao, kikachanganyika na kilio, na hofu kwamba kuna kitu kinawafukuza. Mtu anatulia, kisha anaanza upya. Wapo walioendelea hivyo hadi siku 16. Kati ya wanafunzi 159, 95 walipatwa. Walimu? Hata mmoja hakuguswa. Shikeni hapo.

Machi 18 shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao, na ugonjwa wakaenda nao: kijijini Nshamba watu 217 wakapatwa, wengi vijana na watoto. Wahaya wakauita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Madaktari Rankin na Philip, waliotoa ripoti yao 1963, walipima damu, wakasaka vijidudu, wakashuku hata unga. Hamna kitu. Wakaona ni jambo la akili linalosambaa ndani ya kundi. Hakufa mtu.

Mei 21 wakafungua shule. Wasichana 57 wakaanza tena! Mwisho wa Juni ikafungwa mara ya pili. Yaani kufungua mlango hakukuwa tiba.

Kwa nini walimu hawakucheka? Christian Hempelmann, mtafiti wa mambo ya vichekesho, aliliweka kwenye msongo wa mawazo: nchi mpya, wazazi na walimu wanaotarajia makubwa. Mimi naongeza yangu. Mwalimu akielemewa anaweza kulalamika, kuomba uhamisho, hata kugombana na mkuu. Binti wa miaka 12 bwenini anamwambia nani?

Sasa njooni 2020. Vyuo vyetu vilifungwa Machi 18 (ndiyo, tarehe ileile, hata mimi nilishtuka) vikafunguliwa Juni 1. Sisemi corona ilikuwa kicheko, kirusi kilikuwepo na kiliua. Nazungumzia jinsi tulivyorudi. Mimi nilikuwa bado sekondari, sisi tulirudi Juni 29. Jirani yangu wa dawati alikuwa amezika baba yake. Kipindi cha kwanza hesabu, mwalimu akaendelea palepale tulipoishia Machi. Siku ya pili yule binti akasinzia, akachapwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Na mwalimu yule hakuwa mtu mbaya jamani, silabasi ilikuwa inamkimbiza.

Hiki wanachokiita ufundishaji unaozingatia kiwewe, ukikivua maneno makubwa, hakihitaji hela nyingi. Ratiba isiyobadilika ghafla, maana aliyepatwa na balaa anaogopa kushtukizwa. Jaribio litangazwe mapema. Anayesinzia umwite pembeni, si mbele ya wenzake, umuulize amepatwa na nini badala ya "wewe una nini wewe?" Likikuzidi, umpeleke kwa mnasihi, usijifanye daktari.

Kinachonikosesha usingizi ni hesabu yake. Darasa la watoto 80, kipindi dakika 40, ukimpa kila mmoja nusu dakika muda umekwisha na ubao mweupe. Mimi nimepanga kila Ijumaa wanipe kikaratasi, anayetaka aandike jina, asiyetaka aache, ninasoma jioni. Mwalimu wangu wa semina anasema vikaratasi 80 nitavichoka wiki ya pili. Wenzangu mliokwisha kwenda BTP, ninyi mlifanyaje?