Chuo Kisicho na Cheti: Ukuaji na Mabishano ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi katika Miaka ya 1970, kwa Mtazamo wa Ukanda wa Tunduma na Mbozi

1.0 Utangulizi

Mwaka 1975 Serikali ya Tanzania ilianza kufungua taasisi za aina mpya zilizoitwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilikuwa vyuo vya bweni kwa watu wazima wa vijijini. Vilifundisha kwa Kiswahili, havikumdai mtu ufaulu wa mtihani alipoingia, wala havikulenga kumpa cheti cha kuombea kazi alipotoka. Kwa muda wa miaka michache vilienea karibu mikoa yote ya Tanzania Bara, na baadaye idadi yake ikazidi 50.

Maandishi mengi kuhusu vyuo hivi huyaeleza matatizo yake kwa kuorodhesha upungufu: fedha, zana za karakana, usafiri na wakufunzi. Upungufu huo ulikuwapo. Hata hivyo, insha hii inadai kwamba mabishano yaliyovisumbua tangu mwanzo yalitokana na swali ambalo fedha peke yake zisingeweza kulijibu: elimu iliyopatikana chuoni ilikuwa mali ya nani, ya kijiji kilichomtuma mwanachuo au ya mwanachuo mwenyewe?

Swali hilo linatazamwa hapa kutoka ukanda wa Tunduma na Mbozi, ambao hadi mwaka 2016 ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya na sasa umo katika Mkoa wa Songwe. Ukanda huu umechaguliwa kwa sababu katika miaka hiyohiyo ya 1970 ulipitiwa na mambo mawili yaliyovutana: sera iliyomtaka mwananchi akae kijijini, na barabara na reli zilizomfungulia njia ya kuondoka. Ni mahali panapofaa kuipima sera hiyo.

2.0 Chimbuko la Vyuo

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilikuwa na wazazi wawili. Wa kwanza ni harakati ya elimu ya watu wazima nchini. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa mwezi uliofuata waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule imwandae mwanafunzi kwa maisha ya kijijini badala ya kumwandaa kwa ajira ya wachache. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni za kisomo zilifuata, pamoja na kampeni ya afya ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Kufikia mwaka 1975 zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wameandikishwa katika madarasa ya kisomo, na idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ilikadiriwa kushuka kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39.

Mafanikio hayo yalizaa haja mpya. Mtu aliyejua kusoma akiwa na umri wa miaka 35 hakuwa na mahali pa kuendelea. Shule ya msingi haikuwa yake, na nafasi za sekondari zilikuwa chache hata kwa watoto waliomaliza darasa la saba. Ilihitajika ngazi ya juu ya kisomo iliyoungana na kazi za uzalishaji.

Mzazi wa pili alitoka Ulaya ya Kaskazini. Nchini Denmark, kwa mawazo ya mchungaji N. F. S. Grundtvig, chuo cha kwanza cha wananchi kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na Sweden ikafuata mwaka 1868. Vyuo hivyo vilikuwa vya bweni kwa vijana wa wakulima. Vilisisitiza mazungumzo, historia na uraia, na vilikataa mitihani kwa makusudi. Tanzania ilikuwa tayari na uhusiano na nchi hizo kupitia kituo cha elimu cha Kibaha, kilichojengwa kwa msaada wao na kukabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970. Mwanzoni mwa muongo huo waelimishaji wa Tanzania walikwenda kujionea vyuo vya Sweden, na kutokana na mashauriano hayo Sweden ikakubali kuwa mhisani mkuu wa mpango huo.

Wazazi hao wawili walikubaliana juu ya kuikataa mitihani, lakini kwa sababu tofauti. Kwa mapokeo ya Grundtvig, mtihani uliubana uhuru wa mtu anayejifunza. Kwa sera ya Tanzania, cheti kilikuwa tiketi ya kuondoka kijijini. Upande mmoja uliondoa cheti ili kumweka mtu huru, na upande wa pili ili kumfunga na jamii yake. Tofauti hiyo haikujitokeza wazi wakati wa kupanga. Ilijitokeza vyuo vilipoanza kazi.

3.0 Ukuaji wa Haraka

Lengo lilikuwa kila wilaya ipate chuo chake. Ili kufikia lengo hilo kwa gharama ndogo, Serikali ilitumia kwanza majengo yaliyokuwapo, hasa ya vituo vya mafunzo vya vijijini na vya wakulima, kisha ikayakarabati na kuyapanua. Njia hii ilieneza vyuo haraka. Pamoja na majengo, baadhi ya vyuo vilirithi pia mazoea ya vituo vya zamani, ambamo mtaalamu alisema na mkulima alisikiliza.

Masomo yaligawanyika katika mafunzo ya muda mfupi ya wiki chache na mafunzo marefu ya miezi kadhaa au zaidi. Yalifundishwa kilimo na ufugaji, useremala, uashi, ufundi wa vyuma, ushonaji, sayansi kimu, utunzaji wa hesabu, siasa na utamaduni. Wanachuo walilima mashamba ya chuo kama sehemu ya kujitegemea.

Ukuaji huu ulikwenda sambamba na mabadiliko makubwa vijijini. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba wananchi wote wa vijijini waishi katika vijiji vya maendeleo ifikapo mwaka 1976. Sheria ya mwaka 1975 ikakipa kijiji halmashauri na hadhi ya kisheria. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kijiji kikawa ndicho kituo cha kukusanyia mazao kwa niaba ya mamlaka za mazao. Ghafla kijiji kilihitaji mtu wa kuandika vitabu vya hesabu, wa kutunza ghala, wa kuendesha duka na wa kujenga zahanati. Kwa hiyo chuo kilikuwa na kazi ya wazi, na wapangaji hawakukosea kuona kwamba kijiji kilikuwa na pengo la ujuzi.

4.0 Ukanda wa Tunduma na Mbozi katika Miaka ya 1970

Sera hiyo ilikichukulia kijiji kuwa mahali pa kuanzia na pa kurudia. Ukanda wa mpakani haukufanana sana na picha hiyo. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890 uliwagawa Wanyamwanga, ambao hadi leo wanaishi pande zote mbili, Tunduma na Nakonde. Tangu enzi za ukoloni wanaume wa eneo hili walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na katika migodi ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia. Elimu ya shule nayo ilikuwa na mizizi: Wamoravian waliweka kituo chao Mbozi mwaka 1899. Katika nyanda za juu za Mbozi, Wanyiha na majirani zao walikwisha kuifanya kahawa kuwa zao lao la fedha.

Tangazo la uhuru la walowezi wa Rhodesia la mwaka 1965 liliilazimu Zambia kutafuta njia ya kwenda baharini kupitia Tanzania. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, na barabara kuu kati ya Tanzania na Zambia ikatiwa lami katika miaka iliyofuata. Ujenzi wa reli ya TAZARA, kwa msaada wa China, ulianza mwaka 1970. Njia ya reli ilifika mpakani Tunduma mwaka 1973, na reli nzima ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Makumi ya maelfu ya Watanzania walifanya kazi katika ujenzi huo, na wengi walijifunza ufundi kwa vitendo wakiwa kazini.

Hivyo, katika miaka ileile vyuo vilipokuwa vikifunguliwa, ukanda huu ulikuwa tayari na aina nyingine ya mafunzo ya ufundi: mafunzo ya reli, ya gereji na ya biashara ya mpakani. Hayo hayakumtaka mtu arudi kijijini. Bei ya kahawa duniani nayo ilipanda sana mwaka 1976 na 1977, baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975. Wakulima walionyeshwa kwamba hatima yao ilifungamana na masoko ya mbali, kama ilivyofungamana na mipango ya kijiji.

5.0 Mabishano Makuu Matatu

5.1 Uteuzi wa wanachuo

Kwa mujibu wa mpango, mwanachuo alipaswa kuchaguliwa na kijiji chake, ajifunze kile kijiji kilichokihitaji, kisha arudi kukitumikia. Uteuzi huu ulikuwa na uzuri wake: kijiji kilishiriki, na mtu asiye na elimu ya shule aliweza kupata nafasi. Lakini ulizipa halmashauri za vijiji uwezo wa kuamua nani aendelee kujifunza. Mahali ambapo viongozi walipendelea jamaa zao, au waliona mtu hodari hafai kuachiliwa aende, chuo kilipata waliopatikana badala ya waliokusudiwa. Wanawake walikabiliwa na kikwazo zaidi, kwa kuwa mafunzo marefu ya bweni yalimtaka mama aache watoto na shamba. Ndiyo maana malezi ya watoto chuoni yalikuwa sharti la ushiriki wao.

5.2 Cheti

Hapa ndipo mvutano ulipokuwa mkali zaidi. Kadiri vijana waliomaliza darasa la saba walivyoongezeka, ndivyo walivyogeuka kuwa sehemu kubwa ya wanachuo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977, na shule za msingi zikapanuka mno bila sekondari kupanuka kwa kiwango hicho. Kijana wa miaka 17 hakukiona chuo kuwa ngazi ya juu ya kisomo. Alikiona kuwa nafasi yake ya pili. Alidai mtihani wa ufundi na karatasi inayotambulika.

Watetezi wa sera walijibu kwamba cheti kingemwondoa kijijini. Hoja yao haikuwa ya bure, kwani historia ya elimu ya kikoloni ilikuwa imeionyesha. Katika ukanda wa Tunduma, hata hivyo, udhaifu wa hoja hiyo unaonekana. Mwashi aliyetoka Mbozi hakuhitaji cheti ili aondoke. Barabara ilipita karibu na nyumba yake. Alichokikosa bila cheti ni uwezo wa kudai ujira wa fundi alikokwenda, au heshima ya fundi alipobaki. Kunyimwa cheti hakukumzuia mtu kuondoka, bali kulimfanya aondoke akiwa na thamani ndogo sokoni.

5.3 Uhuru wa chuo

Nchini Sweden vyuo vingi viliendeshwa na vyama vya wananchi, makanisa au halmashauri za majimbo, na vilijipangia masomo. Nchini Tanzania vilikuwa vyuo vya wizara. Wakuu wa vyuo na wakufunzi waliajiriwa na Serikali, na mafunzo ya siasa yalifuata mwelekeo wa chama, TANU na kuanzia mwaka 1977 CCM. Jina lilisema ni vyuo vya wananchi, lakini wananchi hawakuwa na mamlaka ya kuamua mtaala wala bajeti. Mhisani alilipa, wizara iliamua, na kijiji kililetewa chuo kilichokwisha kupangwa.

6.0 Yaliyofuata

Mwishoni mwa muongo huo uchumi ulidhoofika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vilipiganwa mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ikapanda tena. Vyuo vikazidi kutegemea msaada. Kijiji, ambacho kilikuwa nguzo ya mpango mzima, nacho kilipungukiwa na uwezo wa kumpa mhitimu zana, mtaji au kazi.

Mwaka 1990 vyuo vilihamishiwa katika wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii, wanawake na watoto. Msaada wa Sweden ulipungua na kufikia ukomo katika miaka ya 1990. Baadaye vilirudishwa chini ya wizara ya elimu, na mafunzo ya ufundi yenye kutambuliwa kwa vyeti yakawa sehemu kubwa ya kazi yake. Wanachuo, kwa madai yao ya miaka mingi, walishinda mabishano ya cheti. Ushindi huo ulikuwa na gharama. Mtu mzima aliyetaka wiki chache za kujifunza hesabu za kikundi chake, au mazungumzo juu ya haki zake, alibakiwa na nafasi finyu katika chuo kilichojipanga kwa ajili ya vijana na mitihani.

7.0 Hitimisho

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi havikuwa kosa. Viliona mapema kwamba kisomo bila ngazi inayofuata hufifia, na kwamba mkulima anastahili chuo sawa na karani. Kasoro yao ilikuwa ndani ya wazo lenyewe: vilichukulia maslahi ya kijiji na maslahi ya mwanachuo kuwa kitu kimoja, vikakosa utaratibu wa kuyapatanisha yalipotofautiana. Mahali pengine kasoro hiyo iliweza kufichwa na umbali wa barabara. Katika ukanda wa Tunduma na Mbozi ilionekana wazi, kwa kuwa njia ya kuondoka ilikuwapo siku zote.

Kwa mkoa mpya kama Songwe, ambao bado unajenga taasisi zake, fundisho hili lina uzito. Kabla ya kuamua idadi ya karakana na mabweni, wapangaji hawana budi kuamua chuo kitawajibika kwa nani, na mwanachuo atatoka na kitu gani kilicho chake. Miaka ya 1970 inaonyesha kwamba swali hilo lisipojibiwa na wapangaji, hujibiwa na wanachuo wenyewe kwa miguu yao.